Roma kwa Nyuzi 41: Kutembeza Watoto Mjini Wakati wa Wimbi la Joto

Kila kiangazi Wizara ya Afya ya Italia hutoa taarifa ya joto kwa miji 27, ikiupa kila mji rangi yake kwa siku hiyo na kwa siku mbili zinazofuata: kijani, manjano, rangi ya chungwa, kisha nyekundu. Nyekundu maana yake ni kwamba joto kali limekaa siku tatu au zaidi mfululizo, na kwamba hatari haiwahusu tena wazee, wagonjwa na watoto wadogo peke yao, bali hata mtu mzima mwenye afya na nguvu zake. Katikati ya Julai 2023, tulipokuwa Roma na watoto wetu, mji huo ulipewa rangi nyekundu, na tarehe 18 vipimo vilifika nyuzijoto 41.8 za Selsiasi, kiwango ambacho Roma haikuwa imepata kukiandika. Magazeti ya huko yaliliita wimbi hilo Caronte, kwa jina la yule mvushaji wa roho za wafu katika hekaya za kale, na siku chache kabla yake yalikuwa yakizungumzia Cerbero, mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango la kuzimu. Binti yangu wa miaka 11, ambaye hekaya hizo anazipenda sana, aliyafurahia majina hayo. Mimi yalinitia hofu.

Tunaishi Ujerumani, na likizo ya shule katika jimbo letu mwaka ule ilianza mwishoni mwa Juni na kwisha mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo nafasi ya kuchagua msimu mwingine haikuwapo. Jamaa zetu wa Tanga walipopata habari, salamu zao zote zilibeba wazo moja: ninyi watu wa pwani mtalilia jua? Mama yangu peke yake ndiye aliyesema tofauti. "Mwanangu," aliniambia kwa simu, "hao wajukuu zangu hawakukulia katika jua letu hili, na hilo la huko silijui. Waweke kivulini." Neno lake ndilo lililotuongoza siku zote tulizokuwa huko, kwa sababu joto la mji wa mawe wa Ulaya si joto tulilokulia sisi, na mzazi anayelipima kwa kumbukumbu za utoto wake anaweza kuwaumiza watoto bila kukusudia.

Joto letu la kaskazi, lile la Desemba hadi Machi, ni joto la fukuto. Tanga, Mombasa au Dar es Salaam kipimajoto husoma nyuzi 32 au 33, na linalotuchosha zaidi ni unyevu wa hewa, kwa kuwa jasho halikauki mwilini na nguo hushinda zimelowa. Roma ya Julai ile ilikuwa na joto la nyuzi karibu kumi zaidi, na mchana hewa yake ilikuwa kavu. Hewa inapozidi joto la ngozi, ambalo ni kama nyuzi 35, mwili hauwezi tena kulitoa joto lake hewani. Badala yake hewa ndiyo inayoutia mwili joto, na njia pekee inayobaki ni jasho kukauka juu ya ngozi. Katika ukavu ule jasho hukauka kabla hujaliona. Ukimpapasa mtoto shingoni unakuta pakavu, na mzazi wa pwani, aliyezoea kuona fulana iliyoshikana na mgongo ndipo ajue kwamba mtoto amechoka na jua, anadhani mambo ni shwari, kumbe mtoto anapoteza maji dakika kwa dakika. Tuliamua kwamba watoto watakunywa kwa saa na si kwa kiu, na kwamba tutaangalia rangi ya mkojo wao kila waendapo chooni. Binti aliona haya mwanzoni, kisha akazoea na kuanza kutoa taarifa mwenyewe.

Jambo la pili linalompoteza mtu wa kwetu ni saa. Pwani jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, hufika utosini karibu saa sita na nusu, na ikisikika adhana ya alasiri mtu anajua kwamba makali yamekwisha kupungua. Roma mwezi Julai, saa zikiwa zimesogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, hufika juu kabisa baada ya saa saba mchana, na hutua karibu saa tatu kasorobo usiku. Joto la hewa huchelewa zaidi ya hapo: hufika kileleni kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na hata saa moja jioni kuta na barabara bado zinatoa moto. Kwa hiyo ile desturi yetu nzuri ya kulala kidogo baada ya chakula cha mchana na kutoka na watoto saa kumi, wakati kule nyumbani upepo wa bahari umeshaanza kuvuma barazani, ingewatoa watoto wetu nje katika saa mbaya kuliko zote za siku. Niliwaona wageni wengi wakifanya hivyo. Walikuwa wamepumzika, wamekula, wana kofia na chupa za maji, nao wakawa wanaingia na vigari vya watoto katika viwanja visivyo na mti hata mmoja saa kumi kamili jioni.

Mji wenyewe unaongeza. Mitaa ya katikati ya Roma imetandikwa vijiwe vyeusi vya volkeno, vinavyoitwa sampietrini, ambavyo hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku kucha. Lami iliyo juani inaweza kupita nyuzi 60. Mtu mzima kichwa chake kiko mbali na ardhi hiyo, lakini mtoto aliyelala kwenye kigari yuko karibu nayo kabisa, na ndiye anayeipokea. Nawaomba wazazi wenzangu wasifunike kigari kwa shuka au kanga wakidhani wanamtilia mtoto kivuli, maana ndani ya kigari kilichofunikwa hewa haipiti na joto hupanda upesi kuliko nje. Mwili wa mtoto nao una shida zake: ngozi yake ni nyingi ukiilinganisha na uzito wake, hivyo hupokea joto haraka, jasho lake ni kidogo kuliko la mtu mzima, na akicheza huzalisha joto jingi kwa kila kilo aliyo nayo. Zaidi ya yote, mtoto wa miaka 5, kama alivyokuwa mdogo wetu wakati ule, hana uwezo wa kusema "nimezidiwa." Husema tu kwamba hataki kutembea, na mzazi humwona mkaidi.

Tuliigeuza siku. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi na mbili tulikuwa barabarani. Chemchemi kubwa ya Fontana di Trevi saa ile ilikuwa ya wafagiaji, njiwa na watu wachache waliosimama kimya, na watoto waliweza kusogea hadi ukingoni kabisa, mahali ambapo mchana wasingeona chochote isipokuwa migongo ya watu. Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu hadi uwanja wa Piazza Navona kwa njia nyembamba zilizopita kati ya nyumba ndefu, na hapo nilijiona niko nyumbani: wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu walijua vilevile kwamba uchochoro mwembamba wenye kuta nene hulifungia jua nje mpaka liwe juu kabisa. Saa tano asubuhi, hata watoto wakiwa na hamu ya kuendelea, tulirudi chumbani, na hatukutoka tena mpaka jua limelala.

Chumba ndicho ninachowashauri watu wakilipie kuliko kitu kingine chochote. Acheni kifungua kinywa, acheni mandhari ya dirishani, lakini ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa kama kiyoyozi kipo, kama kiko ndani ya chumba wanacholala watoto, na kama kinawashwa saa zote. Mwenye nyumba mmoja tuliyewasiliana naye alituhakikishia kwamba chumba kina hewa baridi, na tulipomwomba picha akatuletea picha ya feni. Feni inafaa siku za kawaida, ila Shirika la Afya Duniani linashauri itumike tu joto la hewa likiwa chini ya nyuzi 40, kwa kuwa likizidi hapo feni humpulizia mtu hewa ya moto. Roma ya tarehe 18 ilikuwa imeuvuka mpaka huo. Tukapanga kwingine, chumba kidogo zaidi na cha bei ya juu zaidi, chenye kiyoyozi na madirisha ya mbao za kufungwa kwa nje. Asubuhi tulizifunga kabla ya kutoka, na usiku tulizifungua, kama majirani wote wa jengo lile walivyofanya. Mchana watoto walilala, wakaoga maji ya uvuguvugu, wakachora walichokiona asubuhi, wakalala tena.

Utajiri mkubwa wa Roma kwa mzazi mwenye watoto ni maji yake. Mji una takriban mabomba 2,500 ya barabarani, Waroma huyaita nasoni, ambayo yalianza kuwekwa mwaka 1874. Ni nguzo fupi ya chuma, inamfika mtoto wa shule kifuani, na ubavuni ina mdomo uliopinda kuelekea chini ambao maji hutiririka usiku na mchana bila kufungwa. Ni maji safi ya chemchemi, baridi, na hayalipiwi. Binti yangu alifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akijaza chupa: unaziba mdomo wa bomba kwa kiganja, na maji, yakikosa njia, yanaruka juu kupitia kitundu kidogo kilicho kwenye mpindo, yanafanya upinde mwembamba unaoweza kuunywa bila kuinama. Kuanzia siku ile kuziba bomba ikawa kazi yake na kunywa ikawa kazi ya mdogo wake, ambaye alikunywa, akalowa uso, akalowa fulana hadi kitovuni, akataka tena. Mtoto ambaye chupa ya maji alikuwa akiikataa kila anapopewa alikunywa kwa furaha katika kila bomba tulilolifikia. Tukaacha kupanga njia kwa majengo ya kutazama, tukaipanga kwa mabomba.

Mkobani nilikuwa na kanga, na sijui safari ile ingekuwaje bila hizo. Nililoweka moja katika kila bomba, nikaikamua kidogo, nikamfunga mtoto shingoni na mabegani. Ilikuwa ikikauka kabla ya bomba linalofuata, na ukavu huohuo unaoficha jasho ndio unaofanya kitambaa kilicholowa kipoze mwili haraka namna ile. Kanga ya pili ilibaki kavu kwa ajili ya makanisa, ambako mabega na magoti hutakiwa kufunikwa, na tuliingia makanisa mengi kwa sababu ya ubaridi wake. Kuna waabudu mle. Watoto wetu walijua kwamba ni nyumba ya ibada ya wengine na walikaa kwa adabu.

Kama ningelazimika kuchagua mahali pamoja tu kwa siku ya rangi nyekundu, ningechagua kanisa la San Clemente, mwendo mfupi kutoka Kolosai (Colosseo), ule uwanja mkubwa wa maonyesho wa Warumi wa kale. Juu kuna kanisa la karne ya 12. Ukishuka ngazi unafika kanisa la karne ya 4. Ukishuka tena unafika majengo ya Kiroma ya karne ya 1, yenye hekalu dogo la mungu Mithra, na humo chini kabisa unasikia maji yakipita nyuma ya ukuta. Kila ngazi hewa inazidi kupoa. Mdogo wetu aliweka sikio ukutani na kukataa kuondoka, na angalau mara hii tulikuwa na mahali ambapo kukawia hakukuwa na madhara. Makaburi ya chini ya ardhi ya barabara ya Appia nayo hukaa kwenye nyuzi kama 15 mwaka mzima, kiasi kwamba mtoto anahitaji sweta jepesi. Ila ni giza, ni membamba, na ni makaburi, kwa hiyo mtoto mwoga asilazimishwe. Pantheon, lile hekalu la kale la Kiroma, ina kuta za unene wa karibu mita 6 na haina dirisha ila lile tundu la mviringo juu ya kuba, la upana wa karibu mita 9, ambalo mwanga wake hutembea ukutani kwa kadiri jua linavyosogea, na watoto waliufuatilia kwa muda mrefu. Mwezi uleule Pantheon ilikuwa imeanza kutoza euro 5, lakini walio chini ya miaka 18 hawalipi.

Jukwaa la Kiroma, lile bonde la magofu kati ya Kolosai na kilima cha Capitolino, tuliliacha. Halina kivuli cha maana, mawe yake yanakurudishia jua usoni, na ukishaingia kutoka kunachukua muda. Tulilitazama kutoka juu asubuhi na mapema, binti akaonyesha kwa kidole alichokisoma shuleni, basi. Ilimuuma, na nilimwambia ukweli kwamba inaniuma pia, lakini magofu yamekaa miaka 2,000 na yatamngoja. Kwenye Ngazi za Kihispania mzazi ajue kwamba kukaa kumepigwa marufuku tangu 2019, na kwamba kuingia katika chemchemi za kihistoria, hata kwa kuchovya miguu ya mtoto, kunaweza kuleta faini ya mamia ya euro. Mtoto akichoka, mtafutieni kivuli cha miti ya bustani ya Villa Borghese.

Dalili ya hatari niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa ukimya. Mdogo wetu ni mtoto wa maswali. Asubuhi moja, tukishuka kutoka Capitolino, hata saa nne haijafika, nilitambua kwamba hajauliza kitu tangu juu ya ngazi. Mkono wake ulikuwa umelegea ndani ya wangu. Nilipomgeuza, mashavu yalikuwa mekundu, midomo imekauka, akasema kichwa kinamuuma na anataka kulala palepale. Baba yake alimbeba hadi mgahawa wa kwanza uliokuwa wazi, na mhudumu, bila kuulizwa, alivuta kiti hadi chini ya kiyoyozi akaleta maji. Tulimvua viatu na fulana, tukampangusa kwa kanga iliyolowa shingoni, kwapani na mapajani, tukampa dawa ya kurudisha maji mwilini, ile ile ya paketi ambayo nyumbani hupewa mtoto anayeharisha, kwa vijiko vidogo vidogo. Baada ya nusu saa hivi akauliza kwa nini ndege waliopo mlangoni hawaogopi watu. Sijapata kufurahia swali kiasi kile. Huo ulikuwa uchovu wa joto, na hutulizwa kwa kupozwa, kupumzishwa na kunyweshwa. Lakini mtoto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiyumba, akitapika mfululizo, akizimia, au joto la mwili wake likifika nyuzi 40, hicho ni kiharusi cha joto, na hapo hakuna kusubiri: pigeni 112, namba ya dharura ya nchi zote za Umoja wa Ulaya, huku mkiendelea kumlowesha na kumpepea. Mtoto asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Chakula tulikifanya chepesi: tikiti maji, nyanya, mkate, jibini yenye chumvi kidogo ili kurudisha ile inayopotea na jasho. Usiku kando ya mto Tiber kuna vibanda vinavyouza grattachecca, barafu inayokwanguliwa kwa mkono na kumiminiwa sharubati ya matunda. Watoto wetu waliichukua ya tamarindo, yaani ukwaju, na binti akasema ni sawasawa na barafu anazonunuliwa na bibi yake Tanga.

Baada ya jua kutua ndipo mji ulipokuwa wa watoto. Waroma wenyewe huwatoa watoto wao saa hizo, na viwanjani tulikuta wanaocheza mpira saa nne na saa tano usiku, bibi zao wakiwa kwenye mabenchi na mapepeo mikononi. Wetu walijiunga bila kujua lugha. Najua wazazi wengi wa Ujerumani wanaoamini kwamba mtoto kulala saa tano ni malezi mabaya. Katika joto lile, mtoto aliyelala mchana na kucheza usiku ndiye aliyekuwa salama.

Inanisikitisha kwamba ulinzi wote huu aliachiwa mzazi na mkoba wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba joto la kiangazi cha 2022 liliua watu zaidi ya 60,000 barani Ulaya, na Italia peke yake ilipoteza takriban 18,000, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa hiyo jambo hili halikuja ghafla. Mwezi huohuo wa Julai 2023 Athens iliifunga Akropoli, kilima chake cha mahekalu ya kale, saa za mchana mkali, na Roma iliwatoa watu wa kujitolea wagawe maji karibu na Kolosai. Yote mawili ni mema, na tuliyapokea kwa shukrani yale maji. Lakini Kolosai hufunguliwa jua likiwa limewaka kwa takriban saa tatu, tiketi zake zina saa maalumu, na familia iliyopangiwa saa nane mchana huona afadhali kupanga foleni juani kuliko kupoteza fedha. Siku ya rangi nyekundu malango ya majengo hayo yangefaa kufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kila mwenye mtoto aruhusiwe kubadilisha saa yake bila malipo. Taarifa ya wizara hutaja rangi ya siku mbili zijazo, na muda huo unatosha kupanga walinzi wa zamu ya alfajiri.